Nizikeni Nje ya Minyaa

Funga huo mlango wa uani, Apolonia, na huyo kuku mtoe kwanza, maana kila nikitaka kusema jambo anaingia kama aliyealikwa. Mnacheka. Chekeni sasa, kwa sababu nikishaanza hakuna atakayecheka. Albano, wewe ndiye mkubwa, kaa hapa kichwani pangu nisilazimike kupaza sauti. Leodegar, mwanangu wa mwisho, usisimame mlangoni kama mgeni, njoo ukae miguuni pangu, maana ya leo yanakuhusu wewe kuliko wenzako, na nataka nikuone uso nikiyasema.

Sikilizeni, wanangu. Mie Tekla, mama yenu, mjane wa Theonest seremala, nasema haya nikiwa na akili zangu zote, mwili tu ndio uliochoka. Jana Padre alikuja na pikipiki yake kutoka mjini mpaka huku kwetu Chamazi, akanipaka mafuta matakatifu, akaniuliza kama nimewasamehe wote walionikosea. Nikamwambia, Baba, nimewasamehe wote isipokuwa mmoja, na huyo nitamsamehe nikishamaliza kumlipa. Akatikisa kichwa, akasema ataniombea. Aniombee, ndiyo kazi yake. Yangu ni hii niliyowaitia.

Leo ni Ijumaa. Keshokutwa Padre atatangaza kanisani kwa mara ya tatu na ya mwisho kwamba Leodegar mwana wa Theonest anataka kumwoa Filomena binti wa Adelard, na kama kuna anayejua kizuizi chochote aseme. Chini ya mto huu kuna karatasi. Albano, wewe uliyesoma mpaka ukawa mwalimu, Padre akishauliza hivyo utasimama pale pale ulipokaa, usiende mbele, uisome karatasi hii kwa sauti ya darasani, kuanzia tarehe mpaka sahihi, kisha uigeuze usome na kilichoandikwa nyuma. Ukimaliza ukae, usiongeze neno. Adelard atakuwa kwenye benchi la kwanza, mahali anapokaaga tangu kanisa likiwa la udongo na makuti, na watu wote watamgeukia kama walivyonigeukia mie.

Leodegar, kaa chini. Nimesema kaa. Utaondoka nikishakufa, na hutangoja sana.

Nianze na mali, maana ni kidogo na haina uchungu. Nyumba hii ni ya Apolonia, ndiye aliyeacha kwake akaja kunigeuza ubavu kila siku, na asije ndugu wa kiume akamwambia kwamba mwanamke hapewi nyumba, nitamtokea ndotoni. Minazi ya huko nyuma ni ya Albano, ila madafu ya mti ule wa kisimani ni ya yeyote mwenye kiu, ndivyo alivyotaka baba yenu. Randa, misumeno na patasi za baba yenu ni za Leodegar, kwa kuwa ndiye aliyerithi mkono wake, na azipake mafuta kila mvua zikianza. Kanga zangu achague kwanza jirani yetu Mwajabu, kabla hata ya binti yangu wa kumzaa, na sababu yake mtaisikia. Basi, mali imekwisha. Lililobaki ni deni lisilohesabiwa kwa fedha.

Mie nilikuja huku na mjomba wangu kutoka Mahenge, yeye akiwa kibarua wa shamba la minazi la Mzungu, mie msichana wa miaka kama kumi na tisa, bado sijabatizwa. Nilikuwa nahudhuria mafundisho ya ubatizo, mkatekumeni kama tulivyoitwa, na mwalimu wetu alikuwa Adelard, katekista wa kigango, kanisa letu dogo la huku, huyu huyu mnayemwamkia shikamoo mzee. Alikuwa kijana mwembamba, kanzu nyeupe isiyo na doa, katekisimu nzima anayo kichwani, na hakuna siku alichelewa. Akatuma mtu kwa mjomba kuniposa. Nikakataa. Mjomba aliponiuliza sababu nikamwambia kwamba mtu yule akiniangalia najiona nina dhambi hata nikiwa nimelala usingizi. Mjomba akacheka, akairudisha posa. Adelard hakucheka.

Mwaka elfu moja mia tisa ishirini na nne nikashikwa na homa. Mvua ilikuwa imekata njia, Padre hawezi kufika, Adelard mwenyewe amekwama mjini, na mie mwili umekwisha kabisa, wanawake wamekwisha kuanza kuulizana sanda. Theonest ndiye aliyekuwa akichonga mabenchi ya kanisa. Kusikia kwamba mkatekumeni anakufa bila ubatizo, akaacha randa juu ya ubao, akaja na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akachota maji kwa kata, akaniuliza kama naamini, nikamwitikia kwa macho. Akanimwagia maji utosini, akaniita Tekla, jina la mama yake, maana ndilo jina la mtakatifu lililomjia haraka. Hakuuliza mtu, hakufungua kitabu. Ndivyo alivyokuwa baba yenu, moyo wake ulikuwa ukifika mahali kabla ya miguu. Siku ya tatu nikaomba uji. Siku ya kumi nikatembea. Na yaliyofuata baina yangu na yeye msinifanye niyaeleze, nyie wenyewe ni watu wazima.

Tukatangazwa kanisani. Jumapili ya kwanza kimya. Jumapili ya pili kimya. Jumapili ya tatu kanisa limejaa mpaka nje, Padre ameuliza kama ilivyo desturi, na Adelard akasimama. Akasema, maneno yake ninayo mpaka leo: "Padre, huyu Theonest ndiye aliyembatiza huyu binti. Kwa sheria ya Kanisa yeye ni baba yake wa roho, na baba haoi binti yake." Mtu mmoja nyuma akasema kumbe Theonest anajiolea mwanawe, na kanisa zima likaangua kicheko. Mwaka mzima, wanangu, nikienda kisimani naulizwa baba hajambo. Nikichelewa shambani naambiwa baba atanichapa. Theonest akawa hawezi kupita penye watu wawili bila mmoja kukohoa.

Sasa sikilizeni vizuri, sitaki mseme kwamba mama yenu alikufa na uongo mdomoni. Adelard alisema kweli. Sheria ilikuwepo, Padre mwenyewe alikubali, akafungua kitabu chake akatuonyesha. Lakini Adelard aliijua sheria hiyo siku ya tangazo la kwanza, na aliijua siku ya tangazo la pili. Angeweza kuja nyumbani kwa mjomba jioni moja akasema jamani, kuna jambo hapa, mwoneni Padre kabla halijawa aibu. Alingoja mpaka tumevaa nguo mpya. Ukweli nao una mahali pake pa kusemewa, na mtu anayeuchagulia mahali penye watu wengi si ukweli anaoupenda.

Padre yule hakuwa mtu mbaya. Akatuita faragha, akasema kizuizi hiki Askofu anaweza kukiondoa kwa kalamu, ataandika barua kuomba ruhusa, na sie tukae kila mtu kwake mpaka jibu lije. Tukakaa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Theonest kila Jumapili anamuuliza Adelard, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipokea barua za kigango, na Adelard anasema, "Subira, ndugu yangu, subira yavuta heri." Padre naye akaugua, akarudishwa Ulaya, hatukupata mwingine wa kudumu, na kigango chote kikabaki mkononi mwa Adelard, ufunguo, vitabu, sanduku, kila kitu. Mwezi wa sita tukashindwa. Nikachukua mkeka wangu na chungu changu nikahamia kwa Theonest, na kuanzia hapo hatukupokea komunyo, tulikaa benchi la nyuma kabisa, lile alilolichonga yeye mwenyewe. Kosa hilo ni letu, nalibeba, silitupii mtu.

Mwaka uliofuata nikajifungua mtoto wa kike. Nyie mmesikia tu kwamba mlikuwa na dada aliyekufa mchanga, basi. Siku ya nane akaacha kunyonya. Taya likakaza, mwili ukawa unajinyosha kama upinde, na Mwajabu, ambaye ndiye aliyenizalisha, akanitazama usoni. Theonest akakimbia kwa Adelard. Akamkuta anakula. Akamwambia mtoto anakufa, njoo umbatize. Adelard akanawa mikono, akasema, "Tenganeni kwanza. Tekla akirudi kwa mjomba wake leo, nami nitakuja leo." Theonest akapiga magoti pale kwenye vumbi, mwanamume mzima, na Adelard akaingia ndani.

Alasiri mtoto akafa bila maji.

Mnaujua ua wa minyaa wa makaburini. Adelard ndiye aliyeupanda, kijiti kwa kijiti, anasema walioingia katika Kristo wasichanganywe na wasioingia. Asubuhi yake tulipofika na mtoto amefungwa kwenye kanga yangu, tulimkuta amesimama penye uwazi wa ule ua, panga mkononi, ati anapunguza matawi. Akasema humu ni mwa waliobatizwa. Hakupaza sauti. Theonest akachimba nje ya ua, hatua tatu kutoka kwenye minyaa, na aliyekuja kumsaidia na jembe ni Mfaume, mume wa Mwajabu, Mwislamu, mtu wa pwani asiyejua hata salamu ya Maria. Na Mwajabu ndiye aliyemwosha mtoto. Akauliza jina lake nani. Nikasema hana, hakubatizwa. Akasema, "Mtoto haendi bila jina, shoga yangu, huko akiitwa ataitikaje?" Akampa jina la mama yake mzazi, Mwanakombo. Hiyo ndiyo sababu ya kanga.

Baadaye akaja Padre mwingine, akatukuta kwenye benchi la nyuma, akauliza, akasikia, akaandika upya kwa Askofu. Wiki sita ruhusa ikaja. Wiki sita tu. Hapo ndipo ningestuka, lakini nilikuwa na furaha, na mwenye furaha hahesabu. Tukafunga ndoa bila shangwe, mkazaliwa nyie watatu, mkabatizwa kila mmoja kabla kitovu hakijakauka. Nawapenda, mnajua. Lakini jino la pembe si dawa ya pengo.

Na mwaka jana walipobomoa kanisa la zamani, wakampa Apolonia lile sanduku la bati la kigango aoshe nguo za altare zilizofaa. Chini ya kitambaa cha ndani, kwenye vumbi la mchwa, akaona karatasi yenye jina la baba yake na jina la mama yake, akaniletea chini ya kanga. Ukaisoma wewe, Albano, hapo hapo kwenye mkeka. Ruhusa ya Askofu ya Theonest na Tekla, imeandikwa kwa Kiswahili ili tusomewe. Tarehe yake ni mwezi wa nne tangu tutangazwe. Na nyuma yake, kwa mwandiko ule unaoinama kushoto, kwa sababu mtu huyu hakuweza kuacha jambo bila kuliandika hata lilipokuwa la kumfunga mwenyewe: Imepokewa, tarehe, Adelard, katekista.

Imepokewa. Sie tumelala kila mtu kwake, tunasubiri, na ruhusa iko sandukuni. Miezi miwili ilikuwa imelala pale kabla hatujashindwa. Baba yenu alipiga magoti kwenye vumbi umbali wa kurusha jiwe kutoka kwenye sanduku hilo. Na amekufa akiamini kwamba Askofu alimpuuza. Mara ya mwisho aliponiambia habari hiyo alisema labda aliandika vibaya jina.

Nimeuliza mwaka mzima kwa nini. Nimelala nikauliza, nimeamka nikauliza. Wivu wa posa? Nusu. Nusu nyingine ni bidii ya dini, aliona tuonje kwanza uchungu ndipo tustahili tamu, akajipa kazi ya Mungu kwa kuwa Mungu alionekana mlegevu. Hizo nusu mbili zikichanganyika mtu hawezi kuzitenga tena, hata yeye mwenyewe hawezi. Mwizi anajua ameiba. Huyu ameishi miaka thelathini akidhani amelinda.

Basi Jumapili ajue. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, nataka auonje. Nataka asimame kanisani asipate pa kuweka macho. Nataka akienda kisimani mtu akohoe. Mtenda husahau, mtendwa hasahau, na mie sijasahau hata rangi ya mpini wa lile panga.

Unasemaje, Leodegar? Sema kwa sauti. Filomena kakosa nini? Hajakosa kitu. Unadhani sijui? Mwezi wa pili huu ananiletea uji kila asubuhi, ananiinua kichwa, anafuta kidevu changu, shikamoo mama, umeamkaje mama. Uji wake hauna mabonge hata moja, nami nimeunywa wote kwa hasira. Hajakosa kitu, na mie nilikosa nini, na yule wa siku nane alikosa nini?

Usilie. Au lia, lakini kaa. Apolonia, niinue kidogo, kifua kinabana.

Nilitaka niwape usia wa ndoa, ndiyo desturi, na mie ni mtu wa desturi. Leodegar, wewe umefanana na baba yako, una moto. Mwanamume asiye na moto ndani ya nyumba ni gogo, mwanamke atalikalia tu. Na dini isiyo na moto ni kujua nyimbo. Lakini moto una mafiga yake. Ukitoka kwenye mafiga unateketeza paa, ukizimika mnakula mihogo mibichi mkijisifu kwamba nyumba yenu haijawahi kuungua. Unapompenda mkeo, mpende mpaka majirani wakuone mjinga, ila usifanye jambo kubwa siku ile ile ulipolitamani. Unapomwomba Mungu, mwombe kwa nguvu, ila usimsaidie kuhukumu, anajua kazi yake. Na unapokuwa umekasirika kwa haki, hapo ndipo uogope zaidi, kwa sababu hasira ya haki haina wa kuizuia. Angalieni, nawaambia haya mie, niliyelala juu ya ile karatasi mwaka mzima kama kuku juu ya yai bovu.

Na busara nayo. Watu husifu busara. Ngojeni.

Ngojeni kidogo.

Kuna jambo sikulisema pale, nimelipita kama mtu anavyopita penye mbwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kiko hapo mlangoni na yule kuku. Nilisema mtoto alikufa bila maji. Nyie mmejiuliza, naona Albano amejiuliza tangu mwanzo, mwalimu huyu: kama Theonest alinibatiza mie nikiwa nakufa, kwa nini asimbatize mwanawe? Maji hayakuhitaji Adelard. Kila mkatekumeni anafundishwa hilo.

Aliporudi kutoka kwa Adelard, magoti yana vumbi, hakukaa chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi. Ulikuwa hatua tatu kutoka pale nilipokaa na mtoto mapajani. Akachota kwa kata ile ile, akaja, akainama, mdomo wake umekwisha kufunguka. Na mie nikamshika mkono.

Nikamshika hapa, kwenye kifundo, kwa nguvu zangu zote. Kwa sababu Adelard alitufundisha darasani kwamba mzazi akimbatiza mwanawe mwenyewe anaingiza udugu wa roho kati yake na mwenzake, na nikaona kizuizi kingine kinakuja, cha pili, kisichoondolewa hata na Askofu. Nikamwambia, "Usimwage, Theonest, watatutenganisha kabisa. Mara moja umemwaga bila kufikiri, angalia tulipo. Tufikiri." Hiyo ndiyo iliyokuwa busara yangu. Tufikiri. Akabaki ameinama, maji yanadondoka sakafuni kutoka kwenye kata, na mtoto akafa tukiwa tunafikiri. Nilichagua kubaki na mume. Nilimpenda kupita kiasi, na siku hiyo mapenzi yalivaa kanzu ya busara, nikayaamini.

Yule Padre mpya, miaka mingi baadaye, nilimuuliza kama kwa ajili ya mtu mwingine. Akasema mtoto akiwa katika hatari ya kufa na hakuna mwingine, baba amwage, mama amwage, hakuna kizuizi chochote. Nikasema asante, Baba, nitamwambia huyo mtu.

Theonest hakunisema mpaka kufa kwake. Hata tulipogombana, na tuligombana, hakuwahi kulirusha hilo. Na mie nikamtwika Adelard kosa lake, na langu nikaliweka juu ya lake, nikamwacha abebe yote mawili miaka thelathini bila kujua. Nilipopata karatasi nilifurahi, wanangu. Nilifurahi sana. Nikasema sasa ni yeye, ni yeye peke yake.

Maji. Kidogo tu, nilainishe koo. Basi, inatosha.

Haya, nabadilisha. Albano, Jumapili usisimame. Padre akiuliza, kaa kimya, na Apolonia nawe kaa kimya, na kanisa zima likae kimya mpaka litangazwe kwamba hakuna kizuizi. Msidhani nimelegea. Msimwambie Adelard kwamba nimemsamehe, sitaki mniharibie. Nataka nimlipe, ila nimlipe kwa kipimo chake, nisimzidishie cha kwangu.

Mtafanya hivi. Nikifa, nizikeni nje ya minyaa. Mie mbatizwa, mwenye ndoa, niliyepakwa mafuta jana, nizikeni nje, ubavuni mwa Mwanakombo. Padre atakataa. Mwambieni ni wosia wa maiti, na mwambieni nimekwisha kumlipa yule mmoja, ataelewa. Watu watauliza kwa nini. Msijibu. Adelard hatauliza, na hapo mtamtazama.

Siku hiyo hiyo, watu wakishatawanyika, Leodegar umpe karatasi yake mkononi, wewe mkwewe, si mwingine. Umwambie mama ameirudisha, na wanaoijua ni sisi wanne tu. Umwambie vilevile habari ya mkono wangu, usifiche. Si ili ajisikie nafuu. Ni ili ajue kwamba mzigo tuliubeba wawili, na mie wangu nimeutua mbele ya watoto wangu, sasa yeye atautua wapi.

Na ule ua. Umwambie ua usogezwe utuzunguke mie na Mwanakombo, na asiusogeze mtu mwingine yeyote. Akate vijiti mwenyewe, achimbe mwenyewe, mzee hivyo hivyo alivyo. Utomvu wa minyaa mnaujua ukiingia machoni. Umuingie. Alie. Kwa miaka thelathini nimemdai chozi moja, na kama ni utomvu ndio utakaomtoa, sitabagua. Asipousogeza, niacheni huko huko nje, na kila Siku ya Marehemu apite mbele yangu akiongoza rozari.

Karibu namaliza. Sauti inakimbia. Sogeeni.

Leodegar, muoe Filomena. Mwambie uji ulikuwa mtamu, nilikuwa naona aibu kusema. Mungu akiwapa mtoto wa kike, ubatizo umpe jina la mtakatifu lolote, silo langu hilo. Lakini nyumbani, uani, kisimani, aitwe Mwanakombo. Babu yake asiwe na jina lingine la kumwitia. Atampenda, wazee huwapenda wajukuu kuliko walivyowapenda watu wazima. Kila asubuhi ataamka aite, Mwanakombo, njoo nikupakate, Mwanakombo, umekula? Aliite jina hilo kwa mdomo wake mpaka limzoee. Hicho ndicho kisasi changu. Hakuna kikubwa kuliko hicho, nimetafuta.

Msigombane juu ya nyumba. Mkigombana, pataneni kabla hamjaanza kujua nani mwenye haki. Mungu awape moyo wa baba yenu na... na awape mtu wa kuwashika mkono siku inayofaa, na kuwaachia siku... siku inayofaa.

Albano. Mtungi. Chota kwa kata. Si ya kunywa, ni ya kuwabariki. Lete.

Inamisheni vichwa. Wote. Na wewe Leodegar, karibu zaidi, sioni vizuri. Kwa jina la Baba... Maji yatamwagika kitandani, yamwagike. Apolonia, achia. Usinishike mkono, mwanangu. Niache nimwage.